Dakika Nne za Mama Funguo

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Funguo, kuanzia kwa mganga mkuu hadi kwa mfagizi wa maabara, na jina hilo alilipata kihalali. Alipoajiriwa, miaka ishirini na sita nyuma, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kichumba chenye dirisha dogo, nyuma yake ubao uliojaa misumari, na kutoa funguo za vyumba. Ukitaka ufunguo wa stoo ya dawa, unasaini daftari. Ukiurudisha unasaini tena, naye anaandika pembeni kwa mkono wake: umerudi mzima. Siku moja daktari bingwa alimwambia ana haraka, atasaini baadaye. Mama Funguo akamjibu kwamba basi na ufunguo nao utatoka baadaye. Wakatazamana hivyo mpaka daktari akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta kalamu.

Kompyuta zilipoingia, wenye vyeti vikubwa walikwepa kwenda kozi, wakampeleka yeye. Wengine walicheka pembeni, kwamba mama mtu mzima huyu atarudi na nini. Alirudi na miwani mpya na kichwa kilichojaa, na baada ya miaka michache ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashine kubwa inayotunza faili za wagonjwa wote, bila kuuacha ubao wake wa misumari. Chombo chenyewe hakikumbabaisha. Kilichomteka ni kugundua kwamba ndani yake kulikuwa na mtunza funguo mwenzake.

"Huko ndani kuna kiini cha mfumo," alikuwa akiwaeleza makarani wapya, amesimama kama mwalimu wa zamu. "Hicho ndicho chenye ubao. Kila programu iliyo kazini ina pete yake ya funguo, lakini pete yenyewe haikai kwa programu, inakaa kwa kiini. Programu inapewa namba tu. Ikitaka kufungua faili inasema, naomba nifunguliwe kwa namba saba. Kiini kinatazama. Namba saba imo kwenye pete yako? Imo, unafunguliwa. Haimo, rudi ulikotoka, hata ulie machozi ya damu."

"Na umeme ukikatika, Mama?"

"Zote zinafutika. Funguo hizo haziandikwi popote, si kwenye diski, si kwenye karatasi. Ziko kwenye kumbukumbu ya muda, na mashine ikizimwa ndiyo basi tena, hakuna atakayejua nani alikuwa na nini. Mnadhani kwa nini asubuhi mnanikuta nimeshafika? Naziingiza upya mimi mwenyewe. Nyingine nazipa na saa zake, zikipita zinakufa zenyewe."

Kisha angeinua kidole, na waliokwisha kumsikia walijua kinachofuata. Programu ikianzishwa, inarithi pete ya kikao cha aliyeianzisha, yaani funguo zote alizoingia nazo kwenye mashine. Kwa hiyo kabla hujaituma popote, ivue pete yako, ipe pete tupu. "Ukimtuma mwanao dukani, unamfunga kiunoni funguo zote za nyumba? Humfungi. Basi na hii ni mtoto."

Aliyelicheka somo hilo kuliko wote, na aliyelishika kuliko wote, alikuwa karani wa mapokezi waliyemwita Kalamu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwepesi wa maneno, anayechomeka kalamu kwenye nywele halafu anashinda kutwa akiuliza nani ameichukua kalamu yake. Mama yake mzazi alikuwa amefariki kabla hajapata kazi. Kila asubuhi alipita dirishani: "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu, kalamu iko kichwani." Ndivyo siku zao zilivyoanza kwa miaka minne, na Mama Funguo, ambaye alizaa wavulana watupu, alikuwa akiisubiri salamu ile kuliko chai.

Sasa tufike kwenye ile Jumanne.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Mama Funguo alikuwa mezani kwake, ameziingiza funguo za faili za siri, zile za vipimo ambavyo watu huteremsha sauti wakivitaja. Daktari wa chumba namba tatu alihitaji orodha, naye alikuwa akiitayarisha. Pete ya kikao chake ilikuwa imejaa. Simu ikalia.

"Mama, skrini ya ukumbini imeganda," alisema Kalamu. "Watu wamejaa mpaka mlangoni na mimi sauti imenikauka kwa kuita namba."

Skrini ile ilikuwa ukutani, juu ya meza ya mapokezi, na kazi yake ilikuwa ndogo: kuonyesha namba ya mgonjwa na chumba anachotakiwa kwenda. Programu yake iliandikwa na kijana mmoja wa mkataba aliyekwisha kwenda zake, na aliiandika kivivu. Iliomba mstari mzima wa mgonjwa, na kwa kuwa haikuwa na ufunguo wa sehemu ya siri, sehemu hiyo ilirudi tupu, ikabaki namba na chumba. Miaka yote iliishi hivyo, inaomba kila kitu na kunyimwa, na hakuna aliyeona ubaya. Mashine ikiamka, programu hiyo hujiwasha yenyewe, na pete yake tupu. Ukilazimika kuiwasha kwa mkono, unatanguliza amri fupi ya kukiambia kiini kwamba huyu apewe pete mpya. Amri hiyo Mama Funguo alikuwa amewafundisha watu kumi na tisa. Aliiandika kwa wino mwekundu kwenye kikaratasi, akakibandika juu ya kioo cha kompyuta yake.

Jumanne ile hakuitanguliza. Simu ilikuwa begani, daktari wa chumba namba tatu amemtumia ujumbe wa pili, chai inapoa. Aliiwasha programu ya skrini kutoka kwenye kikao chake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, funguo zote zikining'inia. "Tayari," alisema, akakata simu.

Simu ya pili haikusema skrini wala namba. "Mama, njoo! Mama, njoo!"

Alikimbia, na mtu wa umri wake mwenye magoti ya umri wake hakimbii bila sababu. Kilichomtisha kabla ya yote ni ukimya. Watu sitini kwenye mabenchi, na husikii hata kikohozi. Ukutani, kwa herufi kubwa za buluu, liliandikwa jina kamili la mwanamke, umri wake, mtaa wake, kipimo alichopimwa na majibu yake. Kwenye benchi la pili alikaa mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ameikazia macho ile skrini kana kwamba jina si lake. Kando yake alikuwa mama mkwe wake, aliyekuwa amemsindikiza. Mama mkwe hakuwa msomaji mwepesi. Alikuwa akisoma polepole, herufi kwa herufi, midomo ikitikisika, na kila mtu pale alimwona akilikaribia lile neno la mwisho.

Kalamu alikuwa juu ya kiti, amenyoosha mikono kuifunika skrini kwa kanga yake, lakini skrini ilikuwa juu na kanga ilikuwa fupi.

Yule mwanamke aliinuka. Hakulia. Alipita katikati ya mabenchi, watu wakimvutia miguu yao apite, akatoka, na kadi yake ya kliniki akaisahau pale alipokuwa amekaa. Mama mkwe alibaki.

Mama Funguo alirudi mbio ofisini. Alijua. Alijua kabla hajafika mlangoni, maana kikaratasi cha wino mwekundu kilikuwa kinamtazama. Cha kufanya kilikuwa kuizima programu moja tu, ya skrini, sekunde moja, halafu kukiuliza kiini kila pete ilikuwa na funguo gani, kuyaandika majibu na kuyapeleka kwa mganga mkuu. Badala yake alizima mashine nzima, dakika nne tangu aiwashe skrini. Hospitali nzima ilikaa bila faili hata moja kwa dakika kumi na mbili, na ilipoamka, ubao ulikuwa mtupu, haijulikani tena nani alikuwa na ufunguo upi. Hapa nisimtafutie visingizio, kwa sababu hata yeye baadaye hakujitafutia. Alijiambia anawalinda wagonjwa. Kidole kilikuwa kinamlinda mwenye kidole.

Na kwa kuwa watu hupenda kushukuru, walimshukuru. Mganga mkuu alisema hadharani kwamba kama si wepesi wa Mama Funguo, yangetokea makubwa zaidi. Ijumaa walimpa cheti chenye mhuri na nakshi za dhahabu, wakampigia makofi, akasimama pale mbele akitabasamu kwa meno yaliyokuwa yamemuuma tangu Jumanne. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na aliyejua hilo alikuwa yeye peke yake.

Fomu ya tukio ilikuwa na mstari wa "chanzo". Aliukalia mstari huo nusu saa. Mwisho aliandika: kuna uwezekano kitufe kilibonyezwa kimakosa mapokezi. Kuna uwezekano! Mwanamke aliyemnyima daktari bingwa ufunguo kwa ajili ya saini, leo anajificha nyuma ya maneno mawili. Afisa utumishi aliyasoma maneno hayo kama mtu aliyekwisha kukata shauri. Kalamu akasimamishwa kazi, na kikao cha kumjadili kikapangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kila mtu alijua kikao cha namna hiyo huishaje. Mtu hutoka na barua, na barua hiyo humfuata kila anapoomba kazi.

Jumatano, siku mbili kabla ya kikao, Kalamu alikuja kukabidhi ufunguo wa droo ya mapokezi. Alisimama dirishani kama zamani, ila nywele zilikuwa zimefungwa na hazikuwa na kalamu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

Daftari lilikuwa bado linatumika, na Kalamu alijua utaratibu. Alisaini. Mama Funguo alishika kalamu aandike umerudi mzima, mkono ukagoma, akajifanya wino umekwisha.

"Mama, nisamehe," alisema Kalamu.

"Nikusamehe nini?"

"Nimeuharibu mfumo wako. Nimekaa nikawaza kila kitu nilichokigusa siku ile. Skrini ilipokuwa imeganda nilibonyeza bonyeza, Mama, kile kitufe cha pembeni, kama mara tatu. Ulitukataza. Sijui ndicho au sicho, lakini kama wewe umeandika, basi ndicho. Ijumaa nitasema ukweli, nitasema nilibonyeza." Alijifuta pua kwa kiganja. "Yule dada nimeshakwenda kwake. Nilimpelekea kadi yake. Nilipiga magoti pale pale mlangoni, Mama, nikamwambia ni mimi. Aliipokea kadi akafunga mlango. Mama mkwe wake amehama ile nyumba, na mume amemfuata mama yake."

Kile kitufe cha pembeni kilikuwa cha kuongeza mwanga wa skrini. Hakikuweza kufungua hata dirisha.

Mahali pa kusema palikuwa hapo. Maneno yalikuwa matatu tu, kosa ni langu, na yalifika mpaka kwenye meno. Lakini kwenye ujia alipita muuguzi mmoja, akapaza sauti, "Mama Funguo, hongera ya cheti!" na maneno yakarudi chini. "Nenda nyumbani ukapumzike," ndilo alilolisema, na Kalamu akamshukuru. Akamshukuru! Mama Funguo alifunga dirisha, akakaa kwenye sakafu nyuma ya meza ambako mtu akichungulia asingemwona.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kujificha. Mume wake alikuwa fundi seremala, na fundi seremala akipata cheti cha mkewe hawezi kukiacha kwenye bahasha. Alikikatia fremu ya mbao nzuri aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya mteja, akaipiga msasa mara mbili, akakitundika sebuleni juu ya redio.

"Mbona humkaribishi mgeni huyu?" alimtania. "Unampa mgongo kila ukikaa."

"Kishushe, baba watoto."

"Kishuke kimekosa nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, pete, amri, kuzima mashine, fomu. Mume hakuelewa habari za pete hata kidogo, lakini alielewa vizuri kabisa habari za yule msichana kupiga magoti. Kisha alipanda kwenye stuli, akakishusha cheti, na alipokuwa akikitoa kwenye fremu alisema bila kumtazama mkewe, "Na mimi nimewaonyesha watu karakana nzima." Mama Funguo alitamani angefokewa.

Ijumaa kikao kilikuwa na watu wanne: mganga mkuu, afisa utumishi, Kalamu aliyekaa na mapaja yamebanwa kama mtoto wa shule, na Mama Funguo aliyeitwa kama mtaalamu. Kalamu alipoanza kusema habari za kitufe, Mama Funguo alisimama.

"Mkatisheni hapo. Hakuharibu chochote. Ni mimi."

Alieleza. Alijitahidi kueleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza darasani: kwamba aliituma programu ya skrini na pete yake mwenyewe kiunoni, kwamba kiini kilitazama, kikaona funguo zimo, kikafungua kama kilivyotakiwa. Kwamba kisha alizima mashine ili pete zifutike, maana alijua zinafutika. Kwamba aliandika kuna uwezekano wakati hakukuwa na uwezekano wowote.

Mganga mkuu alikuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa hatari. "Kwa hiyo, Mama, tuseme ni mashine. Mfumo ulichanganyikiwa. Tunamrudisha karani, tunafunga jalada, na wewe umebakiza miaka miwili ustaafu kwa heshima."

Mlango huo hapo, wazi kabisa, na umefunguliwa na mkubwa wa kazi. Nasema kweli, aliutazama.

"Mashine ilifanya nilichoiambia," alisema. "Andikeni mimi."

Waliandika. Kalamu alirudishiwa kazi palepale, na Mama Funguo akaambiwa akabidhi funguo zote za mfumo kwa mwenzake ifikapo Jumatatu, aendelee na ule ubao wa misumari. Alisaini daftari lake mwenyewe, upande wa wanaorudisha. Halikuwa jambo kubwa kama alivyokuwa ameliogopa. Kubwa lilikuwa ujiani, Kalamu amesimama anamsubiri.

"Mwanangu..."

"Jumatano uliniambia nikapumzike," alisema Kalamu. Sauti haikupanda. "Nilikuwa nimesimama mbele yako, nikakuomba msamaha, ukaniambia nikapumzike."

Mama Funguo alishika kalamu yake kwa mikono miwili.

"Nilikwenda kwa yule dada kwa kosa lako. Nilipiga magoti kwa ajili yako bila kujua." Alichana kipande cha karatasi, akapapasa nywele, akakuta hana kalamu, akaazima ya Mama Funguo. Akaandika mtaa na rangi ya mlango. "Sasa nenda mwenyewe."

Alimrudishia kalamu na akaondoka. Hakusema kwaheri Mama, wala kwaheri nini.

Mlango ulikuwa wa kahawia, mwisho wa ujia mwembamba wenye kamba za nguo. Kwenye kamba kulikuwa na nguo za mtu mmoja tu, pamoja na kile kitambaa cha kijani. Mama Funguo alisimama pale akiwa na pete nzito ya funguo za hospitali mkobani, zote za milango ya watu wengine, akabisha hodi mara tatu.

Yule mwanamke alifungua nusu. Aliona kitambulisho kifuani, akakunja uso. "Hospitali tena? Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa, dada. Nimekuja mwenyewe."

"Kama ni habari za yule binti, mwacheni. Siku ile nilimfungia mlango kwa uchungu, lakini nilimsikia akilia hapo nje nusu saa nzima. Mwambieni nimemsamehe. Nililala nikaamka, nikaona siwezi kubeba na chuki juu ya haya mengine. Nimemsamehe kabisa."

Ilikuwa zawadi, na ilikuwa imeshafungwa tayari. Angeweza kusema asante nitamfikishia, akageuka, akaenda zake.

"Yule binti hakukukosea," alisema Mama Funguo. "Alijaribu kukufunika kwa kanga. Aliyekuweka ukutani ni mimi, na nikamwacha abebeshwe yeye siku kumi."

Mwanamke alimtazama, toka viatu hadi mvi. Mahali fulani ndani ya nyumba bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye ndoo.

"Kwa hiyo msamaha wangu nilimpa asiyehusika."

"Ndiyo."

"Na ulinitoka kwa shida. Sijui kama ninao mwingine."

"Sikuja kuuchukua. Nimekuja ujue ni nani."

Mwanamke aliendelea kuushikilia mlango. Kisha akatoka kidogo, akakitoa kitambaa cha kijani kwenye kamba kwa kuwa kilikuwa kimekauka, akakikunja mara nne polepole. Kwa mkono uliobaki alionyesha ngazi ya mlangoni.

"Kaa hapo," alisema. "Anza mwanzo. Nieleze kila kitu, na usiniruke na maneno ya kitaalamu."

Hakumwambia aingie. Mama Funguo alikaa kwenye ngazi, kwenye saruji ya moto, na akaanza kwa kusema jina lake halisi, lile ambalo kule hospitalini hakuna aliyelitumia.